Maswali na Majibu: Tumbili wa Soksi Alitoka Mikononi mwa Akina Mama

Tangu nilipomgusia hapa tumbili wa soksi, yule mwanasesere wa Kimarekani wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mwekundu na mikono mirefu, maswali hayajakatika. Nimechagua yanayowagusa wengi. Walioniandikia "bei gani?" bila kusema wanataka nini, naomba waandike upya.

Shikamoo fundi. Ni nani hasa aliyembuni tumbili wa soksi? Nimesoma kwamba ni kampuni moja ya soksi. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Hapana, si kampuni, na hili nitalirudia mpaka lieleweke. Kampuni ilifuma soksi. Tumbili alishonwa na akina mama majumbani mwao, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Kisa kinaanzia Rockford, mji wa viwanda katika jimbo la Illinois. Huko mhamiaji kutoka Sweden, John Nelson, alibuni mashine ya kufuma soksi, na mwaka 1880 ikaanzishwa Nelson Knitting Company. Sifa kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa soksi za kazi zisizo na mshono kisiginoni. Aliyewahi kushinda na buti kutwa nzima anajua mshono wa kisigino unavyochubua ngozi, kwa hiyo wakulima na wafanyakazi wa viwandani walizigombania. Viwanda vingine vikaiga, ikafika mahali kila soksi ya kazi ya namna ile inaitwa "Rockford" hata kama haijatoka Rockford. Mwaka 1932, wakati Mdororo Mkuu wa uchumi umewabana Wamarekani, Nelson wakaamua kutia alama ambayo mnunuzi ataiona bila kuuliza: kisigino chekundu. Wakakiita De-Tec-Tip.

Angalia walichokuwa wanakitafuta. Walikuwa wanapambana na waigaji. Mwanasesere hakuwamo kabisa katika hesabu zao. Vitu vya kuchezea vya soksi vilikuwepo tayari, kwa sababu mama asiye na fedha hatupi soksi iliyochakaa. Kisigino chekundu kilipotokea, mtu akakitazama akaona mdomo. Jirani akaona kwa jirani, shangazi akamshonea mpwa, na tumbili akasambaa nchi nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukazuka mgogoro wa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, juu ya mwanasesere huyu, na Nelson wakaingia humo. Mwaka 1955 hataza ikawa mikononi mwao, na maelekezo ya kumshona yakawa yanafungwa pamoja na soksi. Silaumu kampuni kwa kulinda biashara yake. Ninalosema ni kwamba kazi iliyofanywa na maelfu ya mikono iliishia kuwa karatasi yenye jina la kiwanda, na leo msomaji wa Mwanza anaamini kiwanda ndicho kilichobuni. Akina mama mnaosuka vikapu na kudarizi vitambaa, na mnaoshona wanasesere wa vitenge kwa ajili ya maduka ya watalii, wekeni jina lenu kwenye kazi. Pigeni picha, andikeni tarehe. Msingoje mtu mwingine aje kuwaandikia.

Kwa nini ana wekundu mdomoni na makalioni pia? Binti yangu aliniuliza nikakosa jibu. (Baba wa wawili, Dodoma)

Kwa sababu tumbili mmoja hula soksi mbili, na soksi mbili zina visigino viwili.

Soksi ya kwanza ndiyo mwili mzima. Ncha ya vidole inakuwa utosi, kisigino kinakuwa makalio, na ile sehemu inayopanda mguuni inapasuliwa katikati kuwa miguu miwili. Soksi ya pili ndiyo vipuri: sehemu ya juu inatoa mikono miwili, kisigino kinakatwa na kuwa mdomo, ukanda mrefu wa mbele unakuwa mkia, masikio yanatoka kwenye unyayo, na ncha ya vidole inabaki kuwa kofia. Hakuna kinachotupwa. Mimi kwa kazi hii ya ushonaji nimeona vielelezo vingi vya wanasesere, lakini ni vichache vinavyomaliza kitambaa namna hii.

Na mdomo wake una siri yake. Kisigino cha soksi kimefumwa kwa umbo la kikombe ili kishike mguu. Ukikishonea usoni na kukijaza, kinatokeza chenyewe mbele, kama mdomo wa mnyama wa kweli. Ukitaka umbo hilo kwa kitambaa cha kawaida, itabidi ukate vipande na kukunja pensi nyingi, yaani mikunjo inayoshonwa ili kitambaa kifuate umbo, na bado utaona mishono.

Nimekata soksi kama ulivyoeleza, miguu ikafumuka yote. Umetuelekeza vibaya. (Msomaji, Morogoro)

Sikusema ukate. Nilipomgusia tumbili huyu mara ya kwanza nilisema ushone KWANZA, ndipo ukate. Hili swali limeletwa na watu wengi na wote mmeruka mstari uleule.

Soksi imefumwa kwa uzi unaopita kitanzi hadi kitanzi. Ukiukata bila kuufunga, kila ukivuta unaachia. Kwa hiyo: pindua soksi ndani nje, ilaze kisigino kikiwa katikati kinakutazama. Anza kama inchi 3 kutoka kisiginoni, shona mistari miwili sambamba kuelekea mdomo wa soksi, kila mmoja nusu inchi kutoka katikati, kisha funga na zile ncha za chini. Hapo ndipo unashika mkasi. Kata katikati ya mistari hiyo miwili, endelea mpaka ubakishe inchi moja na nusu kufika kisiginoni, usiguse zaidi. Pale kati ya miguu pasiposhonwa ndipo utakapopindulia mwili na kupitishia pamba. Kama unashona kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma, kwa sababu soksi inavutika na mshono wa kupitisha tu utakatika mtoto akivuta mguu mara ya kwanza.

Soksi za kuchezea mpira zinafaa?

Zinafaa, ila za nailoni tupu huteleza. Tumia sindano nyembamba na usiwe na haraka.

Nimeona Kariakoo tumbili wa soksi kutoka nje, bei poa, wamefungwa kwenye nailoni. Ni wale wale? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si wale wale. Mshike mgongoni utazame kwa karibu. Kama huoni vitanzi vya ufumaji, bali kitambaa laini cha manyoya kilichochapwa rangi ili kifanane na soksi, hapo hakuna soksi. Mdomo nao utakuta ni kipande bapa chekundu kilichobandikwa juu. Wanauza sura ya kitu bila kitu chenyewe.

Sisemi usimnunulie mtoto. Mtoto atamkumbatia huyo pia. Ninachokataa ni muuzaji kumwita "wa mkono". Mashine ikishona tumbili elfu moja, wote watakutazama kwa jicho moja. Wa mkono, hata akishonwa na mama yuleyule siku ileile, mmoja atatoka mwenye huzuni kidogo na mwingine mchokozi, kwa sababu jicho limekaa juu kwa uzi mmoja au mdomo umevutwa upande. Watoto hulijua hilo. Ukimletea mwingine kuficha kwamba wa kwanza amepotea, atakuambia huyu siye.

Mjukuu wangu ana miezi minane. Nimeshamwekea macho ya vifungo, amependeza sana. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Hongera kwa mjukuu, na tafadhali vitoe vifungo hivyo leo. Mtoto wa umri huo kila kitu hupeleka mdomoni, na kifungo kikichomoka kinaweza kumkaba. Mpaka mtoto apite miaka mitatu, macho yadariziwe kwa uzi mweusi, mizunguko midogo midogo iliyobanana. Yatapendeza vilevile. Usiweke kengele, shanga wala utepe mrefu shingoni.

Nawaambia na wanaouza pia: mteja asipokuambia umri wa mtoto, muulize. Kama hajui, darizi.

Soksi zenyewe za kisigino chekundu bado zipo?

Zipo. Nelson Knitting ilinunuliwa mwaka 1992 na Fox River Mills ya Osage, jimbo la Iowa, nayo ikaendelea kuzifuma soksi hizo. Kule Rockford kwenyewe, jumba la makumbusho la Midway Village linahifadhi historia hii. Lakini usingoje soksi ya Marekani ndipo ushone. Akina mama wale walitumia soksi iliyokuwepo nyumbani.

Mume wangu hataki kijana wetu achezee mwanasesere, anasema atalegea. Nimwambieje? (Mama wa watatu, Arusha)

Mwambie soksi hizi zilikuwa za wanaume wa mashambani na viwandani, na tumbili hawa walishonewa wavulana kwa wasichana bila kubagua. Kijana anayelala na tumbili wake anajifunza kutunza kitu chake. Sioni ulegevu hapo.

Niko Minnesota. Nimempata tumbili mzee kwenye mnada wa vitu vya zamani, muuzaji anasema ni wa miaka ya 1920. Kisigino ni chekundu. Nimeibiwa? (Msomaji, Marekani)

Kuhusu mwaka, umedanganywa, au muuzaji mwenyewe hajui. Kisigino chekundu cha Rockford kilianza 1932. Tumbili mwenye mdomo wa kisigino hicho hawezi kuwa mzee kuliko soksi yake. Na ukimkuta asiye na wekundu, usikimbilie kusema ni wa kabla ya hapo. Huenda ameshonwa kwa soksi ya kiwanda kingine miaka mingi baadaye.

Sasa sikiliza la muhimu zaidi. Usimfue. Usimfumue ukabadilishe pamba kwa sababu amelegea. Mpapase: mara nyingi ndani utahisi vitambaa vilivyokatwakatwa au soksi ndefu za kike zilizochakaa, na hicho ndicho kinachokuambia nyumba ile ilikuwa na nini na ilikosa nini. Ukiwa na picha ya mtoto aliyekuwa naye, au hata jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye unyayo, vihifadhi pamoja. Tumbili mwenye kisa ana thamani kuliko msafi asiyejulikana alikotoka.

Kwa nini tumbili mmoja auzwe bei kubwa hivyo wakati soksi za mitumba pale Karume ni bei ya kutupa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu hununui soksi. Unanunua mikono iliyokaa na soksi hiyo.

Jaribu kujaza mkono mmoja tu wa tumbili. Pamba ukiipeleka kwa bonge kubwa inakwama kiwikoni na kufanya kinundu. Lazima uinyofoe vipande vidogo, uisukume kwa kijiti butu mpaka kwenye kiganja, uiviringe kwa vidole kutoka nje ili isambae. Ukimaliza, mkono wa pili uwe na uzito na unene uleule, la sivyo tumbili atakaa upande. Bado kichwa, bado shingo ambayo ikiwa laini kichwa kitaanguka. Kisha uso, ambao ukikosea unafumua na kuanza tena.

Tumezoea kwamba kazi ya sindano ikifanywa na mwanamke nyumbani basi ni bure, anajipitishia muda tu. Mtu huyo huyo analipa fundi wa simu bila kunung'unika kwa kazi ya kugeuza bisibisi. Mnapomkandamiza mshonaji bei, mnamwambia saa zake si kitu. Na ninyi washonaji mnaokubali kila bei kwa kuona aibu, mnawaharibia wenzenu. Taja bei yako, nyamaza, mwache mteja aamue.

Nijaze nini kama sina pamba ya dukani?

Sufi ni nzuri mno, nyepesi na laini, ila ichambue mbegu zote na ufunike pua unapoijaza, kwa kuwa inarukaruka. Vitambaa safi vilivyokatwa vidogo vinafaa pia, japo tumbili atakuwa mzito. Usitumie makombo ya sponji ya godoro kuukuu, yanavunjika kuwa unga. Usitumie mchele, maharage wala pumba. Panya na wadudu watamfikia kabla mtoto hajamchoka.

Na soksi za mitumba zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani KABLA ya kushona. Nyekundu isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, maana rangi ikichuja ikiwa imeshashonwa, uso mzima unaingia wekundu na haitoki.

Soksi yangu ina tundu. Nitupe? (Msomaji, Kigoma)

Tundu liko wapi? Hilo ndilo la kuniambia kwanza. Likiwa unyayoni, itumie kuwa soksi ya pili, kwa kuwa unyayo hutoa masikio tu na unaweza kukata pembeni ya tundu. Likiwa kwenye ncha ya vidole, ifanye pia ya pili na mshonee tumbili asiye na kofia. Likiwa kisiginoni, ambako soksi za kazi hutoboka zaidi, ifanye ya kwanza: pindua, weka kiraka kwa ndani, kishone kwa uzi wa rangi ya kisigino, ndipo uanze ile mistari miwili ya miguu. Kiraka kitakaa makalioni, na mdomo utautoa kwenye soksi nyingine iliyo nzima.