Kabla hujamlipa mwalimu wa Pilates, nenda ukamtazame akifundisha

Mwalimu wa Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo na kuunyoosha mwili, usimchague kwa tumbo lake. Najua linavutia, hasa likipigwa picha vizuri na kuwekwa Instagram, lakini tumbo lile linakuonyesha alivyojaliwa na anavyojituma yeye. Halikuambii kama ataona kwamba bega lako la kushoto limeshuka, au kwamba unabana pumzi kila ukiinua mguu. Unachokwenda kulipia ni macho yake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na katika kupima watu nimejifunza kwamba miili iliyonyooka sawasawa ni michache mno. Mteja anasimama mbele yangu akiamini yuko wima, nikishusha tepu nakuta sketi yake lazima niikate upande mmoja mrefu kuliko mwingine ili pindo likae sawa. Kazi hiyohiyo ya kuinamia cherehani kutwa ndiyo iliyonichosha shingo na kiuno, na Pilates imenisaidia sana kurudi kukaa bila maumivu. Wateja wakisikia hivyo wananiambia, "Dada, nipeleke kwa mwalimu wako." Nami ningependa kila mmoja ajue kuchagua mwenyewe, maana anayenifaa mimi huenda asikufae wewe.

Kwanza, neno Pilates mlangoni peke yake halitoshi. Joseph Pilates, aliyeyaanzisha mazoezi haya, alikuwa Mjerumani, alizaliwa 1883, akapenda masumbwi na jimnastiki tangu ujana. Miaka ya 1920 alihamia New York, akafundisha huko pamoja na mwenzi wake Clara hadi alipofariki 1967. Wanafunzi wake wakaendelea kila mmoja kwa mkondo wake, watu wakaja kugombea jina hadi mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya shirikisho ya New York ikaamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Jina likawa la wote. Kwa hiyo aliyesoma kwa kina na aliyetazama video mbili tatu wanaweza kubandika tangazo lilelile.

Muulize basi alisomea wapi, kwa muda gani, na kama alisomea mazoezi ya mkeka tu au na ya mashine. Mafunzo kamili yanayotambulika kimataifa yanafika saa 450 au zaidi, ndani yake mkiwemo kutazama wengine wakifundisha, kufundisha ukisimamiwa na kufanya mtihani. Mafunzo ya mkeka pekee ni mafupi, na hayo si kosa, mradi aseme ukweli. Mwalimu aliyesoma hakasiriki kuulizwa. Na usibabaishwe na kukosekana kwa mashine yenye springi na kitanda kinachoteleza. Kwa mtu anayeanza, mkeka na mwalimu makini vinatosha kabisa.

Baada ya hapo omba kukaa pembeni darasa moja, utazame. Hapa ndipo ninapowasisitizia watu zaidi, kwa sababu nusu saa ya kutazama inakufunulia mengi kuliko cheti. Angalia anasimama wapi. Yuko mwalimu anayefanya mazoezi yote mwenyewe pale mbele, muziki juu, na watu nyuma yake wanaigiza wanachoweza. Huyo anafanya mazoezi yake. Mwingine anaonyesha mara moja, halafu anaingia katikati ya mikeka na kuanza kutembea. Anachuchumaa kwa huyu, anamwambia yule ashushe mabega, anamrudisha mwingine hatua moja nyuma. Chukua huyo wa pili.

Subiri wafike kwenye zoezi linaloitwa Mia Moja. Unalala chali, unainua kichwa na miguu, unapigapiga mikono kando ya mwili ukivuta pumzi kwa hesabu ya tano na kuitoa kwa hesabu ya tano, mizunguko kumi. Ni zoezi zuri la kumpimia mwalimu, kwa sababu mgeni karibu kila mara anakosea mambo yaleyale: shingo inakaza, mgongo unapinda juu ya mkeka, tumbo linatuna badala ya kuingia. Mwalimu mzuri atamwambia akunje magoti, au aweke kichwa chini, au aache miguu sakafuni, na atamwambia kwa utulivu kama jambo la kawaida. Asiyefaa atapaza sauti, "Vumilia, bado thelathini!" Maumivu ya shingo hayana cha kuvumiliwa hapo.

Kuna siku nilimwona mwalimu akimsimamisha mama mmoja aliyetoka Tukuyu, mtu mzima, aliyekwisha kusema kwamba hospitalini aliambiwa mifupa yake imepungua nguvu. Darasa zima lilikuwa linajiandaa kujiviringisha mgongoni kwenda nyuma na kurudi. Yule mwalimu akaenda akapiga goti kando yake.

"Mama, hili tusilifanye. Linakunja sana uti wa mgongo, na kwa mifupa yako si salama. Geuka ulale kifudifudi, nikuonyeshe la kuimarisha mgongo."

Akamwekea taulo chini ya paji la uso, akamwomba ruhusa ya kumgusa, akaweka kiganja katikati ya mabega yake na kumwambia ainue kifua kidogo tu, kiasi cha kuiacha pua iachane na taulo. Mama akainuka, akashuka, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. Wengine waliendelea na lao. Hakuna aliyeaibika.

Kwa hiyo kabla ya darasa la kwanza mwalimu anapaswa kukuuliza wewe: umejifungua lini, kwa kawaida au kwa upasuaji, una mimba, una presha, uliwahi kuumia mgongo, dawa gani unatumia. Asipouliza, mwambie mwenyewe uone anafanya nini na hiyo habari. Mjamzito akishavuka miezi minne hatakiwi kulazwa chali muda mrefu. Aliyejifungua, misuli ya tumbo ikiwa bado imeachana katikati, hapewi mazoezi ya kuinuka kichwa na mabega kwa nguvu mpaka ile misuli ya ndani na ya sakafu ya nyonga iamke kwanza. Mwalimu anayekuahidi kuondoa kitambi cha uzazi kwa wiki mbili, mwache na ahadi yake.

Na asijifanye daktari. Maumivu yakishuka mguuni yakiambatana na ganzi, akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, hapo hakuna mazoezi tena, ni hospitali siku hiyohiyo.

Sisi wa nyanda za juu tuna la ziada: baridi. Juni na Julai alfajiri ya Mbeya sakafu ya saruji inauma, na mwili uliokaza kwa baridi haupendi kukunjwa ghafla. Napenda mwalimu anayewaanza watu wakiwa wamesimama, na sweta mwilini, wazungushe mabega na nyonga hadi damu ichangamke, ndipo walale. Leta mkeka mnene. Soksi zinazoteleza ziache nyumbani.

Naomba pia akina kaka wasipite hapa haraka. Madereva wa malori ya Tunduma na wabeba viazi wa Uyole migongo yao nimeisikia ikilalamikiwa sana nikiwa nawapima suruali, na wengi wanadhani haya ni mambo ya wanawake. Aliyeyaanzisha alikuwa mwanamume aliyependa masumbwi. Wakipata mwalimu anayewasikiliza, watafaidika kuliko hata sisi.

Usipompata wa kukufaa mjini, darasa la mtandaoni linawezekana, ila liwe la moja kwa moja na la watu wachache. Weka simu ubavuni mwako, kimo cha kiti, ili akuone kuanzia kichwa hadi unyayo. Ukiiweka mbele yako hataona mgongo ukipinda. Darasa likipita bila yeye kuita jina lako hata mara moja kukurekebisha, tafuta mwingine. Na yeyote utakayempata, wa mtandaoni au wa hapa mjini, lipia darasa moja moja mwanzoni, usilipe mwezi mzima.