Maswali yenu: usonji na chumba cha usaili

Wiki hii ni usonji (autism, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo) na usaili, maana maswali yake yamefurika. Ombi langu ni lilelile: ukiuliza, taja kama kazi ni ya serikali au ya binafsi, na umefikia hatua gani. "Naomba msaada kuhusu ajira" silijibu.

Nimemaliza UDOM, shahada ya takwimu. Mwaka jana daktari alithibitisha kuwa nina usonji. Wiki ijayo nina usaili kwenye kampuni binafsi hapa mjini. Niwaambie au ninyamaze? (Nzuguni)

Hulazimiki kusema. Kunyamaza si uongo, ila ukiulizwa waziwazi usikane.

Tatizo ni kwamba jopo likishasikia jina la hali yako, halina la kufanya nalo. Kila mmoja anamkumbuka mtoto wa jirani asiyeongea, na kuanzia hapo wanamsaili huyo mtoto, wewe wamekusahau. Wanachoweza kushughulikia ni mahitaji yako. Unataka maswali yaulizwe moja moja? Unataka uandike kwanza ndipo ujibu? Pangaboi likilia juu ya kichwa husikii kitu? Mwandikie aliyekuita, siku mbili tatu kabla:

"Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa Jumatano. Nina usonji. Kuchambua takwimu hakunisumbui, ila maswali mengi kwa mpigo hunichanganya. Naomba niulizwe swali moja moja, na niruhusiwe kuwa na kalamu na karatasi."

Ukiifuta sentensi ya pili, ujumbe bado unaeleweka. Kwa hiyo uamuzi unabaki wako mpaka dakika ya kuutuma. Na kama siku hiyo huhitaji chochote, mimi ningekaa kimya mpaka barua ya ajira iwe mkononi.

Usifanye kama wengi, wanaongoja lile "una swali lolote kwetu?" ndipo watoboe. Hapo usaili umekwisha, hakuna wanaloweza kukurekebishia, na umewaachia cha kujadili ukishatoka.

Halafu suala la macho. Nyumbani tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Mkodolee mzee wa Kigogo uone kama hutaulizwa umelelewa na nani. Mzee huyohuyo akikaa kwenye jopo anaandika "hajiamini" kwa sababu msailiwa kaangalia meza. Nimekaa kwenye majopo miaka mingi, sijaona macho yakifunga mahesabu ya mwezi. Tazama kipaji cha uso cha anayekuuliza, au daftari lako, inatosha.

Kijana mmoja aliulizwa mbele yangu, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Akajibu: "Nkuhungu, nyumba itakuwa imeshaezekwa." Jopo likacheka, swali likapata sifuri. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, swali ndilo bovu. Lakini wataendelea kuliuliza, kwa hiyo lifanyie mazoezi: wanataka kusikia habari za cheo na kazi, makazi hawana haja nayo.

Usonji unapona? (wasomaji kadhaa, tena)

Hapana, si ugonjwa. Anayekuuzia dawa yake anakula hela yako.

Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira kuna mahali pa kujaza ulemavu. Nikijaza usonji si watanikata mapema? (Chamwino)

Tangazo umelisoma lote, au uliishia kwenye ngazi ya mshahara? Kule chini, kwenye masharti ya jumla, huandikwa kwamba waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na waainishe kwenye mfumo ulemavu walio nao. Jaza. Mchujo wa serikalini mara nyingi huanza na mtihani wa kuandika, na hapo wenzako wengi wa mdomo ndipo wanapoishia. Mimi ningehofia zaidi siku yenyewe: ukumbi umejaa, foleni ya uhakiki wa vyeti haisogei, jua linawaka, majina yanaitwa kwa kipaza sauti kinachokwaruza. Ukishaitwa, wasiliana nao mapema ueleze unahitaji nini, na barua ya daktari iwe pamoja na vyeti halisi. Kujaza peke yake hakukutafutii kiti pembeni.

Mwingine kauliza kama anaweza kujaza ulemavu asio nao "ili apite kwenye ile asilimia 3" ya ajira ambayo sheria inawatengea wenye ulemavu. Huyo simjibu.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 24, kasomea umeme VETA. Ana usonji, si mwongeaji. Naomba ushauri wa namna ya kuingia naye kwenye usaili nimweleze kwa wakubwa. (Kondoa)

Marahaba, mama. Usiingie. Msindikize mpaka getini, kaa kwenye kivuli umngoje.

Nilimwona baba mmoja aliyeruhusiwa kuingia. Kijana kaulizwa jina, baba kajibu. Kaulizwa kasoma wapi, baba kajibu. Ikaja "saketi breka inajikata kila ukiiwasha, unaanzia wapi?" Baba kimya. Kijana akaeleza tangu kutenganisha laini moja moja mpaka kupima waya uliochubuka, bila kupumua. Ila mwenyekiti alikuwa ameshafunga faili.

Fundi aonekane mikononi. Ombeni usaili wa vitendo, au nusu siku ya majaribio: apewe bodi, testa na bisibisi, waje wakague alichofunga. Maombi hayo ayaandike mwenyewe, wewe msahihishie tu. Na mwulize kwanza kama anataka hao wakubwa wajue. Katika barua yako yote sijaona kama umemwuliza.

Mimi ni afisa rasilimali watu, tuna wafanyakazi 60. Aliyeongoza mtihani wa kuandika, nafasi ya stoo, alituambia ana usonji. Bosi anataka tumchukue wa pili, "aliye sawa". Ripoti niiandikeje? (Dodoma mjini)

Unataka nikusaidie kuuvisha ubaguzi suti. Sitaki.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kubagua kwa sababu ya ulemavu, na kwa jambo hilo mwombaji kazi naye anahesabiwa kama mfanyakazi. Akionyesha dalili za kubaguliwa, ni juu yenu kuthibitisha kwamba hamkumbagua. Alama za mtihani mnazo kwenye faili, na yeye ndiye wa kwanza. Utaandika nini hapo?

Najua utetezi unaokuja: mahitaji ya kazi. Ni kweli sheria inauruhusu, lakini kwa sifa ambazo bila hizo kazi haifanyiki. Kuhesabu mzigo na kujaza leja hakuhitaji mtu wa kupiga soga. Tena, kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa kuwa na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwenu ni kama watu wawili. Mnao? Mwonyeshe bosi hesabu hiyo kabla hajasaini.

Jambo ambalo hukuuliza: umenitumia jina la msailiwa na namba yake ya simu. Nimefuta. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama zimeshazunguka kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Nilisema, wakaninyima kazi. Mtu wa ndani kaninong'oneza kuwa sababu ni hiyo. Niende wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu namba moja. Kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi una siku 60 tangu ulipotokea, na wewe hujanitajia hata mwezi. Mnong'ono hautoshi: kusanya tangazo, meseji, barua pepe. Waandikie kuomba sababu za kukataliwa, na nakala ubaki nayo.

Nimepewa rufaa ya kwenda Mirembe kuchunguzwa. Naogopa mwajiri akiona muhuri wa Mirembe kwenye karatasi. (Chang'ombe)

Nenda. Mji huu tumeligeuza jina la hospitali kuwa tusi. Mtoto akipoteza daftari anaambiwa "wewe wa Mirembe", halafu akikua anamkimbia daktari kwa sababu ya utani wetu. Ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, wataalamu wa kukuchunguza wapo. Karatasi ni yako. Usipoomba kurekebishiwa kitu kwenye usaili, hakuna wa kuonyeshwa.

Nimeona video TikTok, dalili zote ninazo. Niandike usonji kwenye CV?

Hapana. Nenda kwa daktari. Hata akithibitisha, CV si mahali pake.

Kola na tai vinanikera shingoni mpaka sisikii ninachoulizwa. Je, nikienda bila tai wataniona mhuni? (Kisasa)

Tai si lazima. Vaa shati lililofuliwa likalainika, kifungo cha juu kiache wazi, na lebo ya shingoni ikate leo. Ukiikata asubuhi ya usaili, yale masalia ya uzi yatakuchoma kuliko lebo yenyewe.