Kula resto mu Goma bila ngano

SWALI: Jambo yaya. Mwaka huu dokta alinipima akaniambia niko na seliake, ugonjwa wa utumbo, nisikule tena gluteni, ile protini iko mu ngano na shayiri. Nyumbani naweza, shida ni saa sita, bakolegi banaenda resto na mimi nabaki na chupa ya maji sababu naogopa. Nikiuliza serveri kama chakula kina gluteni ananiangalia tu. Nifanye namna gani? Msomaji wa Himbi

JIBU: Mudogo wangu, pole sana, mimi pia naishi na huo ugonjwa. Kwanza acha kuuliza gluteni, wengi hilo neno hawalijue, uliza "unga ya ngano imo?" Hapo kila mtu anaelewa, ni ile ya mkate, chapati, mandazi, samusa, makaroni. Na shayiri pia, ndiyo iko mu Primus, bia uachane nayo.

Chakula chetu chenyewe hakina ngano: fufu ya muhogo ao ya mahindi, wali, makemba, maharagi, sombe, lengalenga. Ndiyo maana resto ndogo za bamama nazipenda kuliko zile za pizza.

Hatari iko mu mafuta na mu mchuzi. Siku moja niliagiza sambaza na friti mu resto moja ya mjini, nikauliza, nikaambiwa ngano hakuna kabisa, kumbe sambaza walizipitisha mu unga kwanza ndiyo zikauke vizuri, na karayi ni ileile ya samusa za asubuhi, vipande vyake bado viko chini mu mafuta. Nililala siku mbili na tumbo. Moto wa mafuta hauondoe gluteni, na makombo kidogo tu yanaumiza utumbo hata siku ile hausikie maumivu.

Kwa hiyo usiishie kwa serveri, fika mbele ya saa sita watu hawajajaa, umsalimie mama mpishi kulekule jikoni. Muulize mafuta yalikaanga nini, mchuzi umeongezewa unga uwe mzito, kube ya kutia ladha ni ya aina gani (omba pakiti usome, zingine ziko na ngano). Brosheti zisipakwe sosi ya soja, mara nyingi inatengenezwa na ngano. Mimi naagiza tilapia ya kuchoma, chumvi na ndimu tu, na fufu.

Ukiona haya kueleza kila siku, andika ku karatasi, Kiswahili na Kifaransa: "Ngano na shayiri hata kidogo zinanigonjesha. Tafazali nipikie mu sufuria safi na mafuta mapya." Usiseme haupendi, sema unagonjwa.

Ukipata mama anayekusikiliza, uende na bakolegi kwake. Wangu yuko upande wa Birere, siku hizi akiniona tu kwenye mlango anashusha karayi yake ndogo.