Muziki mzuri Mombasa: usitafute stesheni, mtafute mtu

Mleta uzi anasema amehamia Mombasa kikazi, anakaa Changamwe, na tangu afike amezungusha redio kutoka mwanzo wa FM hadi mwisho bila kupata saa moja kamili ya muziki. Anapata vicheko, simu za watu waliofumaniwa, matangazo ya kamari, kisha nyimbo zile zile za jana. Anauliza sisi wenyeji tunapata wapi muziki, na kama kuna haja ya kununua redio mpya. Wengi mmemjibu "ingia YouTube". Yakhe, hilo ni kama kumwambia mgeni anayeuliza njia ya Likoni kwamba afuate barabara.

Mimi riziki yangu ni kuhamisha kanda. Watu huniletea kaseti za taarabu, za harusi, za mawaidha, nazitia kwenye kompyuta na kuwarudishia kwenye flashi. Kwa hiyo nasikiliza muziki mwingi ambao hata sikuuchagua, na nimeona watu wanaupata wapi.

Kwanza tusidanganyane kwamba redio ya zamani ilikuwa pepo. VOK, yaani Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989, ilikuwa ya serikali, na ulisikia ulichopewa. Lakini aliyekupa alikuwa mtu. Mtangazaji aliingia na rundo la santuri, akachagua, akakosea, akapigiwa kelele mtaani kesho yake. Nyuma zaidi, miaka ya 1950, mji huu ulikuwa na redio yake, Sauti ya Mvita, na waliokuwa wakiimba humo walikuwa majirani za wasikilizaji. Na usiku wazee waligeuza kitufe wakaenda Zanzibar na Dar es Salaam kwa mawimbi ya kati (AM), maana mawimbi hayo jua likizama hurudishwa ardhini na tabaka za juu za anga, yakafika mbali sana. FM haina safari hiyo. Inafika karibu na upeo wa macho tu, basi. Kijana wa leo aliyelelewa na FM hajui raha ya kuipata bendi ya dansi ya Dar katikati ya mikwaruzo saa nne usiku.

Capital FM ilipoanza mwaka 1996 na mlango wa redio za watu binafsi ukafunguka, tulidhani muziki utazidi. Stesheni zilizidi kweli. Lakini redio ya kibiashara inakula matangazo, na mwenye tangazo anataka asubuhi ya watu wawili wanaobishana kuhusu mahari, maana hapo ndipo wasikilizaji hawabanduki. Muziki ukawa wa kuziba mapengo, na mapengo hayo yanazibwa na kompyuta iliyopangiwa orodha, mara nyingi na mtu aliyekaa Nairobi. Sasa niambie, wimbo wa Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, unaokwenda dakika kumi, ala zikijitambulisha taratibu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, utaingia wapi kati ya matangazo mawili ya kamari? Haukufukuzwa na mtu. Haukutoshea tu.

Kuna sababu nyingine ambayo sijaona mtu akiitaja, nayo inapitia bandarini petu kila siku. Magari yanayoteremshwa Kilindini kutoka Japani huja na redio za kwao, ambazo FM yake huanzia 76 na nyingi huishia 90. Yetu ni 87.5 hadi 108. Usipofungiwa kile kidude cha kuvuta masafa, gari lako linashika stesheni chache za mwanzo tu, na kikifungwa vibaya sauti inakuja na mvumo. Madereva wengi hawajisumbui. Wanachomeka flashi. Mimi naamini hivi ndivyo redio ilivyopoteza barabara ya Mombasa, kabla hata ya simu za kupangusa.

Na flashi hizo ndizo mahali pa kwanza ninapokutuma. Ukipanda matatu au tuktuk ukasikia kitu kimekukamata, usinyamaze ukashuka. Muulize dereva nani alimjazia. Jibu huwa ni jina la kijana mwenye kibanda cha kuuza nyimbo, au didjei wa mtaa anayetengeneza mchanganyiko wake. Nenda kwa huyo. Mpe flashi yako, mwambie unapenda nini, mwache akuongezee na asichoulizwa. Wenzangu wa kazi hii tunajuana kwa masikio: yuko wa rumba, yuko wa chakacha, ile ngoma ya Pwani, yuko ambaye ukimtajia bango hakuachi uondoke. Na bango usiikose. Hiyo ni ya hapa hapa, ya Mzee Ngala wa Frere Town, saksafoni juu ya mdundo wa Pwani. Redio ya kitaifa itakupigia siku kuna sherehe, halafu kimya. (Frere Town hiyo hiyo ndiyo alikozaliwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025. Kijiji kimoja kimetoa sauti mbili kama hizo, na matatu zinapita tu kwenda Kongowea.)

Sasa tuje kwenye YouTube, maana iko na hazina, ila wengi hawajui kuitafuta. Taarabu ya Mombasa imewekwa humo na watu binafsi, wajukuu na wapenzi, kila mmoja akiandika majina anavyoyasikia. Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, utamkuta kama Zein Labdin, Zeinul Abidin, Zein wa Lamu. Bhalo utamkuta na h na bila h. Jaribu yote. Ukichoka na majina ya waimbaji, tafuta ya watoaji: santuri ndogo za lebo ya Mzuri za Assanand, na kanda za Mbwana Radio Service, maana waliozipakia mara nyingi hunakili tu kilichoandikwa kwenye jalada. Kisha tafuta watunzi. Mashairi mengi aliyoimba Bhalo ni ya binamu yake Ahmad Nassir, na ukiandika jina la mshairi zinajitokeza kanda ambazo jina la mwimbaji halikuzileta.

Halafu soma maoni chini ya wimbo. Hapo ndipo redio ilipohamia, kwa maoni yangu. Utakuta bibi aliye Muscat akisema wimbo huu uliimbwa harusini kwa fulani, mwingine anamsahihisha, wa tatu anataja aliyepiga tashkota, kile kinanda cha nyuzi, wa nne anauliza nani ana upande wa pili wa kanda. Mfuate huyo wa tatu. Anayemjua mpiga ala ana kanda nyumbani.

Jambo moja la kifundi, maana linanikera. Kanda nyingi zilizopakiwa zinakwenda mwendo usio wake. Kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa deki ukilegea inapungua, na mwimbaji anakuwa mzito kama ana mafua, halafu watu wanaandika "sauti ya dhahabu". Siyo sauti yake hiyo! Ukipata nakala mbili za wimbo mmoja zinazotofautiana, sikiliza pumzi na makofi, si melodia. Makofi ya watu yanayokokota yanakwambia mwendo umelala. Na kama unazo kanda za nyumbani, usizichezeshe kwanza. Hewa yetu ya bahari huotesha kuvu kwenye utepe, na kuvu hiyo inahamia kwenye kichwa cha deki, kisha inaharibu kanda zinazofuata. Mpelekee fundi azifungue.

Usipotaka usumbufu wote huo, kuna njia fupi ya kuanzia: msururu wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa na Buda Musique. Toleo la pili ni taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, limesafishwa vizuri, na linatosha kukuonyesha kwamba Mombasa haikuwa mkia wa Unguja. Sikiliza udi wa Zein, kisha Zuhura Swaleh na ngoma yake ya chakacha, kisha Bhalo na ile mahadhi ya filamu za Kihindi. Ni mji mmoja, miaka ile ile, na hawafanani hata kidogo.

Programu za kulipia au za bure, Boomplay, Mdundo, Spotify iliyofika Kenya mwaka 2021, mimi nazitumia kwa vitu vipya. Nyota Ndogo, Susumila, vijana wanaochipuka, huko wako. Kwa vya zamani hazinisaidii: ukisikiliza taarabu moja ya udi, mashine inakuletea mipasho ya kisasa ya Dar, taarabu ya vijembe, ikidhani ni kitu kimoja. Mashine inahesabu nani alisikiliza nini. Haijui kwamba anayependa Zein pengine atampenda mpiga udi wa Yemen kabla ya kupenda mipasho. Mzee mmoja pale Mji wa Kale angekwambia hivyo bila kuinua macho kwenye kahawa yake, na ndiye uende ukakae naye jioni.

Kuhusu muziki wa moja kwa moja nitasema kidogo: bendi za hoteli ni za watalii, lakini wanamuziki wale wale Ijumaa usiku wako Mtwapa wakipiga wanachotaka. Harusi za mtaani ziko bado, ingawa nyingi sasa ni didjei na spika. Usiende bila kualikwa. Jirani yako Changamwe akikuzoea atakualika mwenyewe.

Na redio mpya, ndiyo, nunua, ila ile yenye tundu la flashi na la kadi, na yenye mawimbi ya kati kama utaipata. FM utaihitaji kwa habari za feri na kwa mechi, na Pwani FM usiifute, maana ni ya Pwani na usiku inaweza kukushangaza. Flashi chukua ya GB 32 inatosha. Niandikie faraghani unapenda nini, nikujazie ya kuanzia. Usiniambie "chochote kizuri" tu, nitakujazia bango tupu.