Mvua ya kwanza na tairi linaloonekana zima

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu ni la spoti, milango miwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, na kwa nje mifereji yake bado inaonekana vizuri. Kwenye lami kavu linang'ang'ania kama ruba. Juzi mvua ndiyo kwanza inaanza, niliingia kona nikaona kasi imezidi, nikaachia mafuta ghafla. Mkia ukazunguka, nikajikuta natazama nilikotoka. Hakuna aliyeumia. Rafiki ananishauri nipunguze upepo wakati wa mvua ili tairi lilale zaidi chini. Nifuate?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole sana kwa mshtuko.

Usipunguze upepo hata kidogo. Tairi hupita kwenye maji kwa kuyabana na kuyasukuma pembeni. Likilegea, nguvu ya kuyabana inapungua, maji yanajipenyeza chini yake na gari linaelea. NASA walilichunguza jambo hili kwa matairi ya ndege miaka ya 1960. Kwa kanuni yao, tairi lenye upepo wa psi 32 huanza kuelea kwenye maji yaliyotuama karibu na kilomita 94 kwa saa. Likishuka hadi psi 24, linaelea kwenye 82 hivi. Kwa gari hayo ni makadirio tu, maana mifereji na upana vinabadilisha hesabu, lakini unaona mambo yanaelekea wapi. Fuata kipimo cha kiwanda, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni yale maneno "kwa nje". Magari mengi ya spoti hufungwa magurudumu yakiwa yameinama kidogo, juu yakiegemea ndani, ili kwenye kona tairi likanyage kwa upana wake wote. Ukienda nalo sana kwenye njia iliyonyooka, ukingo wa ndani ndio unaolika. Nimeyafungua mengi ya aina hiyo. Nje lina milimita 5, mwenye gari ananikazia macho akidhani namtafutia gharama; naligeuza, ndani kipara kitupu, na nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia. Huwa nanyamaza namwachia aguse mwenyewe.

Kwa hiyo leo, gari likiwa limezimwa na kupigwa breki ya mkono, lala chini na tochi. Pitisha kidole taratibu kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Tairi likilika hadi usawa wa vinundu hivyo, limebaki na milimita 1.6, ambayo ni mwisho wa sheria kwa nchi nyingi. Mimi sikusubirishi hadi hapo. Kwa tairi pana nakuambia badilisha likifika 3, kwa sababu kadiri lilivyo pana ndivyo linavyokutana na maji mengi, na maji hayo hayana njia nyingine ya kukimbilia ila mifereji. Tairi la mvua kubwa la Pirelli kwenye Formula 1 hutoa hadi lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa. Mifereji ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Halafu ule mguu wako. Ulipoachia mafuta ghafla, uzito ulikimbilia mbele na nyuma ikabaki nyepesi, juu ya lami ambayo vumbi, mafuta na unga wa raba vilikuwa vimeanza tu kulowa. Utelezi wa dakika hizo za mwanzo ni mbaya kuliko wa mvua iliyokwisha kuosha barabara. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka. Ndani ya kona legeza mguu polepole, kama unayeshusha mtoto aliyelala. Mkia ukianza kutoka, tazama unakotaka kwenda na upeleke usukani huko, bila kurukia breki.

Ukinunua mapya, anza na yale mawili ya nyuma, na umwambie fundi apime mwinamo wa magurudumu siku hiyo hiyo, la sivyo yataliwa vilevile. Kisha niandikie kidole kimekuta nini kule ndani.