Ukungu wa Lamu, PDF za zamani na kisomaji cha inchi 6: nichague nini?

Swali: Assalam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Langoni, Lamu. Nina vitabu kama mia tatu, vingi viko kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na kabati la ukutani. Kila masika vinaota ukungu, na vingine vimetobolewa na wadudu. Kijana wangu aliye Mombasa ataka kuninunulia kifaa cha kusomea vitabu pepe, cha inchi 6. Nina pia PDF nyingi za vitabu vya zamani, baadhi kwa hati za Kiarabu. Je, nigawe vitabu nihamie kwenye kifaa, au nibaki na karatasi?

Jibu: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kifaa chukua, vitabu usigawe. Ila hicho cha inchi 6, kwa PDF hizo ulizonazo, kitakuvunja moyo mapema.

Faili ya EPUB, aina ya kawaida ya kitabu pepe, hubeba maandishi yenyewe: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya ili itoshe skrini. PDF iliyopigwa picha kutoka kitabu cha zamani ni picha ya ukurasa, na picha haijipangi, inapunguzwa tu. Chukua kitabu cha ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Skrini ya inchi 6 ina upana wa kama milimita 91 na urefu wa 122, kwa hiyo ukurasa unashuka hadi asilimia 58 hivi, na herufi ya pointi 11 inabaki pointi 6 na kidogo. Skrini ya inchi 7 inakufikisha pointi 7 na kidogo, bado ni ndogo kwa macho ya mtu mzima. Skrini ya inchi 10.3 ndiyo inayobeba ukurasa wa A5 karibu kwa ukubwa wake wenyewe.

Kwa hati za Kiarabu tatizo linazidi. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati hizo kinategemea harakat, zile alama ndogo za juu na chini ya herufi, kubeba irabu, na harakat ndizo zinazopotea kwanza picha inapopunguzwa. Fataha (alama ya a) na kasra (alama ya i) zikishakuwa nukta mbilimbili za kijivu, unakisia neno badala ya kulisoma. Kwa faili hizo ama ununue kifaa cha inchi 10.3, ama usome kwenye kompyuta, ama uchapishe kurasa unazozihitaji.

Kwa hati za Kilatini kuna njia ya kuponea kwenye skrini ndogo. Kata pambizo za ukurasa, kisha ugeuze kifaa kilale kwa upana. Maandishi ya A5 yakishaondolewa pambizo huwa na upana wa kama milimita 118, na skrini ya inchi 6 iliyolazwa ina 122: herufi zinarudi ukubwa wake halisi, nawe unasoma kila ukurasa kwa vipande viwili. Programu ya bure ya KOReader hufanya kazi hiyo vizuri, na kuiweka kwenye visomaji vya Kobo si shida kubwa. Nyingine ya bure, k2pdfopt, unaitumia kwenye kompyuta: inakata picha ya ukurasa na kupanga vipande upya kwa skrini ndogo. Ukiipa hati ya Kiarabu, iambie isome kutoka kulia, la sivyo itapanga vipande kinyume.

Ukitaka kugeuza picha kuwa maandishi kamili, programu ya Tesseract inakijua Kiswahili cha herufi za Kilatini. Piga picha za kurasa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), karatasi ikiwa imelala sawasawa. Baada ya hapo kagua mwenyewe: programu huchanganya "rn" na "m", "l" na 1, na alama ya ng' hudondoka mara nyingi, ng'ombe akawa ngombe. Usiitegemee kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu.

Sasa vitabu vyenyewe. Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na Lamu unapita hapo mara nyingi. Lakini kinachoviua vitabu vyako zaidi ni ukuta. Jiwe la matumbawe na chokaa hufyonza maji kutoka ardhini, na chumvi iliyomo ndani ya ukuta huvuta unyevu wa hewa pia. Kidaka mgongo wake ni ukuta huo huo. Ukisukuma kitabu hadi nyuma, karatasi inakaa imegusa jiwe lenye maji na hewa haipiti. Zidaka ziachie mapambo. Weka rafu ya mbao mbali na ukuta, sentimita 10 ikiwa ni ukuta wa nje, na ubao wa chini uwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Usibane vitabu: kidole kiingie kati yao kwa urahisi.

Kitabu kilichokwisha kuota ukungu usikifute papo hapo, maana ukungu mbichi ukisuguliwa unaingia ndani ya karatasi. Kitenge na vingine, kisimamishe kivulini kurasa zikiwa wazi kidogo, na feni iwe inapuliza chumba, si kitabu. Ukungu ukishakauka na kuwa kama unga, toka nje, vaa barakoa, uupanguse kwa brashi laini kuanzia kwenye mgongo kwenda nje. Wengi huvianika juani. Jua hukausha kweli, lakini hupinda majalada, hupausha wino na kuifanya karatasi ikatike.

Vilivyotobolewa na wadudu, funga kila kimoja kwa mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili ili wadudu wafe. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, kwa sababu kitabu baridi kikikutana na hewa ya pwani kinatoka jasho. Hati za mkono na majalada ya ngozi usizitie friza kabisa; hizo zinahitaji mtu aliyesomea uhifadhi. Msikiti wa Riyadha hapo Lamu, hati zake zilipigwa picha chini ya mradi wa Endangered Archives (wa kuokoa hati zilizo hatarini) wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Fanya hivyo kwa hati zako: piga picha ili usizishikeshike, nazo zenyewe uzitunze.

Vitabu adimu vichache viweke kwenye sanduku la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu: si chini ya nusu kilo kwa sanduku la lita 50. Vitabu viwe vimekauka kwanza, la sivyo unafungia maji ndani. Chembe zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa mbili.

Kisomaji nacho kina adui zake. Wino wa kielektroniki, yaani aina ya skrini ya visomaji hivi, hula umeme ukurasa unapobadilika tu, na taa ikiwashwa, kwa hiyo umeme kukatika hakutakusumbua, na juani barazani unaonekana kama karatasi. Chini ya skrini, vifaa vingi vina kioo chembamba sana. Kikibanwa mkobani kwenye boti ya Mokowe, kinapasuka ndani bila kuonyesha ufa nje. Nunua kava gumu. Kindle Paperwhite, visomaji vya Amazon, tangu ile ya 2018 zimepimwa dakika 60 kwenye maji yasiyo na chumvi ya kina cha mita 2, lakini maji ya bahari ni dakika 3 tu, kwa kina cha sentimita 25. Kikiingia bahari, suuza kwa maji yasiyo na chumvi na usichaji hadi tundu likauke kabisa. Chumvi yenye umeme hula vyuma vya tundu haraka. Usikiache juani, na ukikiweka miezi bila kukitumia kiache na nusu ya chaji.

Jambo jingine: kitabu pepe cha kununua mara nyingi ni ruhusa ya kusoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu kwenye vifaa vya wateja waliokwisha lipa, ikawarudishia pesa. Cha karatasi utamwazima jirani na kuwaachia wajukuu.

Kabla kijana wako hajalipa, fanya jaribio hili. Kata tundu la milimita 91 kwa 122 kwenye karatasi ngumu, libandike juu ya skrini ya kompyuta, fungua PDF yako moja ya hati za Kiarabu na uipunguze hadi ukurasa mzima uenee ndani ya tundu. Keti unavyoketi ukisoma. Ukishindwa kutenganisha fataha na kasra, rudia kwa tundu la 157 kwa 209, kisha umpigie simu umwambie ni ukubwa gani.