Idadi haioti ndevu

SWALI: Naandika makala kuhusu dagaa wa baharini. Nimeandika, "Ukuaji wa dagaa hutegemea ukuaji wa watoto wao." Mhariri kaipiga mstari mwekundu. Kosa liko wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mhariri wako mpe salamu zangu. Ukuaji wa pili ni halali. Wa kwanza ndio ugonjwa unaotutesa redioni na kwenye hotuba: "idadi ya watu imekua", "idadi ya wateja inakua". Imekua hadi wapi? Imebalehe lini? Nani kaiona ikiota ndevu? Na ikishuka mtasemaje, imerudi utotoni? Kua ni kitenzi cha kale cha Kibantu (Waganda wana okukula, Wanyarwanda gukura), na kazi yake ni ya kiwiliwili. Mtoto hukua, mhindi hukua, dagaa hukua. Idadi huongezeka. "Uchumi unakua" nimeshawaachia wenyewe. Huo umezeeka vinywani mwa watu, sina nguvu za kuutoa.

Kwa dagaa sisamehi, maana mkanganyo huo unaua habari yenyewe. Yai la dagaa huelea majini, likaanguliwa baada ya muda mfupi. Kinachotoka ni kidudu cheupe kama kioo, kinachoishi siku chache kwa akiba ya kiini cha yai. Akiba ikiisha na chakula cha kuenea kinywa chake hakipo, kinakufa. Kinachoshiba hukua upesi, na kikikua upesi hupungukiwa na maadui wa kukimeza. Wengi hawafiki huko. Mnorwei Johan Hjort, mtaalamu wa samaki, alilisema hilo mwaka 1914: wingi wa samaki huamuliwa na wangapi wamevuka uchanga, wala si na wingi wa mayai. Heringi, jamaa za dagaa wa bahari za baridi, waliozaliwa mwaka 1904 walivuka wengi, wakajaza nyavu za Norway kwa miaka mingi.

Umeona? Wachanga wakikua haraka, kundi huongezeka. Ni mambo mawili, moja linazaa jingine, nawe umeyavika kofia moja.

Andika: "Ongezeko la dagaa hutegemea ukuaji wa mabuu yao." Mabuu ndivyo vile vidudu vya kioo. Najua, neno hilo litamfanya mtu asukume sahani. Lakini "watoto" ni mapenzi tu, na "vifaranga" ni wale waliokwisha pata umbo la samaki. Wafugaji wa samaki wamelizoea neno vifaranga, nami nimechoka kubishana nao. Ukichukizwa na mabuu, weka viluwiluwi. Mhariri akikataa na hilo, malizaneni wenyewe.